Dukati ya miwani ya 1647: jinsi ya kuikagua kabla hujatoa hela

Wadau, kuna sarafu moja ya dhahabu ya Denmark naipenda kupita kiasi, dukati ya Christian IV, mfalme wa Denmark na Norwei, ya 1647. Upande mmoja yupo mfalme, geuza uone miwani, miwani kabisa, na maneno VIDE MIRA DOMI yaani tazama maajabu ya Bwana, manake watu walibisha kwamba Norwei kuna dhahabu ndo mfalme akawaletea miwani waone vizuri.

Ukiuziwa, anza na mzani. Dukati ni kama gramu 3.5 hivi, na kwa sababu ni ndogo tafuta mzani unaosoma mpaka sehemu moja ya elfu ya gramu (0.001). Weka kikombe cha maji juu yake, rudisha sifuri, ining'inize sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni, namba ipande karibu gramu 0.18 tu, ikipanda sana hiyo sio dhahabu ya dukati.

Halafu lenzi. Pitia ukingo taratibu, ukiona mstari wa kuungia au vitundu vya mapovu imemiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa chapa, achana nayo.

Historia ya sarafu, yaani imepitia kwa nani, nayo muhimu jamani! Mkusanyaji Lars Emil Bruun, tajiri wa siagi aliyefariki 1923, aliusia sarafu zake zikae miaka 100, minada ikaanza Copenhagen 2024. Kwa hiyo muuzaji akikwambia yake imetoka kwenye mkusanyiko kama huo, omba katalogi (vitabu vya picha) za minada iliyopita, linganisha mikwaruzo na picha moja moja.

Na usiisugue kabisa!