Jinsi ya kuomba na kufanya mitihani ya CCNP ukiwa Mtwara au Lindi

Mwongozo huu ni kwa fundi wa mitandao wa mikoa ya kusini ambaye tayari anasanidi swichi na ruta kazini na sasa anataka cheti cha ngazi ya juu cha Cisco, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mitandao, hasa CCNP kwa upande wa mitandao ya taasisi. Tangu Februari 24, 2020, mwombaji halazimiki kuwa na CCNA, cheti cha ngazi iliyo chini yake, ndipo aruhusiwe kufanya mitihani ya CCNP, ingawa Cisco yenyewe hushauri awe na uzoefu wa kazi wa miaka 3 hadi 5. Ruhusa hiyo imewaponza wengi. Kama bado hujaweza kugawa anwani za IP kichwani, au kama VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) unaisanidi kwa kunakili amri za mwenzako, anza na CCNA, kwa kuwa mtihani wake hugharimu dola 300 za Marekani na utakuonyesha mapengo yako kabla hujaingia kwenye gharama kubwa zaidi.

CCNP ya taasisi ina mitihani miwili. Wa kwanza ni mtihani wa msingi, 350-401, uitwao ENCOR, ambao huchukua dakika 120 na hulipiwa dola 400. Wa pili ni wa eneo la ubobezi unalochagua mwenyewe, huchukua dakika 90 na hulipiwa dola 300. Kwa hiyo tenga dola 700 kabla ya kodi, nauli na malazi. Kwa ubobezi ninapendekeza 300-410, uitwao ENARSI, kwa sababu kazi tunazoitiwa huku kwa kawaida ni kuunganisha tawi la benki, ofisi ya halmashauri au ghala na makao makuu yaliyo mbali, na asilimia 35 ya mtihani huo ni teknolojia za tabaka la tatu, yaani OSPF, EIGRP, BGP (itifaki ambazo ruta hutumia kuchagua njia za data) na namna njia zinavyopokezana kati yake. Aliyeajiriwa mahali penye mtandao wa SD-WAN, yaani matawi yanayounganishwa na kusimamiwa kwa programu, ana sababu nzuri ya kuchagua tofauti.

Hatua ya kwanza: jina

Wengi huanza kwa kutafuta vitabu. Anza na kitambulisho. Jina lililo kwenye akaunti yako ya mtihani linapaswa kufanana na lililo kwenye kitambulisho utakachoonyesha, na hapa kwetu hilo si jambo dogo: mtu ni Saidi kwenye cheti cha kuzaliwa, Said kwenye cheti cha kidato cha nne, na kwenye kadi ya NIDA jina la babu limeongezwa. Mimi mwenyewe nilisafiri hadi Dar es Salaam kwa basi, nikafika kituoni asubuhi nikiwa na usingizi lakini nimejiandaa vyema, nikarudishwa mlangoni kwa sababu akaunti yangu ilikuwa na majina mawili ambayo hayakupangwa kama kwenye pasipoti. Ada haikurudi. Kosa lilikuwa langu, nalo lingerekebishwa kwa dakika chache kama ningelitazama mapema.

Tayarisha vitambulisho viwili. Cha kwanza kiwe kimetolewa na serikali, hakijaisha muda, na kiwe na jina, picha na saini. Cha pili kiwe angalau na jina na saini. Kuwa na namba ya NIDA pekee, bila kadi mkononi, hakutoshi. Pasipoti ndiyo isiyoleta maswali, na kama huna, anza kuiomba Uhamiaji mapema, ambako ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000.

Baada ya hapo fungua akaunti kwenye tovuti ya Cisco kwa barua pepe yako binafsi, wala si ya mwajiri, maana ukihama kazi utaipoteza pamoja na kumbukumbu za vyeti vyako. Utapewa namba ya utambulisho ya Cisco. Namba hiyo hiyo ndiyo utakayoitumia kwa Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani yenyewe. Usifungue akaunti ya pili kwa sababu umesahau nenosiri, kwani matokeo yaliyogawanyika katika namba mbili hayataunda cheti kimoja mpaka uandikiane na huduma kwa wateja na kusubiri.

Kuchagua vitabu na zana

Kabla ya kununua chochote, pakua orodha rasmi ya mada za mtihani, ambayo Cisco huitoa bure, na uichapishe. Angalia namba ya toleo, kwa sababu mada hubadilishwa kila baada ya muda na kitabu cha toleo la zamani huuzwa kwa bei inayovutia. Katika ENCOR, miundombinu peke yake inabeba asilimia 30 na usalama asilimia 20. Weka alama tatu pembeni mwa kila mada: ninaiweza kwa vitendo, ninaielewa kwa kusoma tu, siijui. Kitu chochote unachotaka kununua kipimwe kwa mada za alama ya pili na ya tatu. Aliyefanya kazi miaka minne kwenye swichi hana haja ya kozi ya video ya saa 60 inayoanza na maana ya swichi.

Kitabu kikuu kiwe kile rasmi cha Cisco Press kwa mtihani husika, na kimoja kinatosha kwa kila mtihani. Video zina faida yake, lakini hula bando, na anayezitegemea atakwama siku mtandao unaposuasua. Ukizitaka, chagua zinazoruhusu kupakuliwa kisha zipakue usiku. Kuna hazina nyingine ambayo wengi huipita, nayo ni hati za RFC zinazoeleza itifaki jinsi zilivyokubaliwa na watunzi wake. Ni maandishi matupu, hazilipiwi, na faili zake ni ndogo kiasi cha kufunguka hata kwenye simu ya kawaida. RFC 2328 ya mwaka 1998 inaeleza OSPF toleo la pili, na RFC 4271 ya mwaka 2006 inaeleza BGP. Huhitaji kuzisoma mwanzo hadi mwisho. Lakini ukisoma sehemu inayoeleza hatua ambazo ruta mbili hupitia hadi kuwa majirani kamili, utajua kwa nini jirani wa OSPF hukwama kwenye hatua ya ExStart, ya kuanza kubadilishana taarifa, pale MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) zinapotofautiana, jambo ambalo video nyingi hukuambia ulikariri tu.

Mazoezi ndiyo yanayoamua. Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, inayopatikana bure kupitia Cisco Networking Academy, inafaa kwa CCNA, lakini kwa ENARSI haikufikishi mbali, kwa kuwa amri nyingi za BGP na za VPN hazimo. Tumia Cisco Modeling Labs, ambayo ina toleo la bure la vifaa visivyozidi vitano, au GNS3, au EVE-NG. Kwa hizi mbili za mwisho utahitaji faili za mfumo wa ruta zilizopatikana kihalali. Kompyuta iwe na RAM ya GB 16 ikiwezekana. Ruta tano zinaonekana chache, ila zinatosha kujenga OSPF ya maeneo matatu na kuipokeza kwenye BGP, kisha ukaiharibu kwa makusudi na kuitengeneza bila kutazama daftari. Hifadhi usanidi kila baada ya hatua, kwani umeme ukikatika kazi ya saa tatu hupotea.

Maswali yanayouzwa mtandaoni kwa madai kwamba ni ya mtihani wenyewe, yaache. Cisco ikithibitisha udanganyifu hufuta cheti na humfungia mhusika, na hata asipokamatwa, mteja atamgundua siku ya kwanza njia ikipotea.

Kuweka tarehe na kulipa

Weka tarehe pale tu unapoweza kutengeneza maabara (mtandao wa mazoezi) iliyoharibiwa na mtu mwingine. Ingia Pearson VUE, chagua mtihani, kisha chagua kati ya kituo na nyumbani. Kwa kituo, jipange kama msafiri wa Dar es Salaam na ufike siku moja kabla. Malipo hufanywa kwa kadi, kwa hiyo hakikisha benki imeifungua kadi yako kwa manunuzi ya mtandaoni na ya fedha za kigeni. Wanaotegemea fedha za korosho kwa kawaida hulipa baada ya minada kuanza, mwezi Oktoba au baadaye, na kwa bahati nzuri miezi hiyo inakuepusha na masika. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na mwezi huo huo hitilafu katika mikongo ya chini ya bahari ilidhoofisha intaneti nchini, hivyo aliyepanga kusafiri na aliyepanga kufanyia nyumbani wote wangekwama. Mabadiliko ya tarehe hukubaliwa ikiwa zimebaki si chini ya saa 24 kabla ya mtihani.

Ukichagua nyumbani, fanya jaribio la mfumo kwenye kompyuta ile ile, chumba kile kile na saa ile ile utakayofanyia mtihani. Meza iwe tupu, na asiingie mtu mpaka umalize. Waambie wa nyumbani siku moja kabla, kisha uwakumbushe asubuhi, kwa sababu mtoto akifungua mlango msimamizi anaweza kusitisha mtihani. Kompyuta ina betri, lakini ruta ya nyumbani haina, kwa hiyo iunganishe na kifaa cha kuhifadhi umeme.

Katika mtihani wenyewe huwezi kurudi kwenye swali ulilokwisha kulipita, na Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha zake. Jizoeze kusoma maswali marefu ya Kiingereza huku saa ikikuhesabia. Ukifaulu ENCOR pekee unapata cheti cha umahiri kinachojitegemea, na mtihani huo huo ndio mlango wa maabara ya saa nane ya CCIE, cheti cha ngazi iliyo juu ya CCNP. Cheti cha CCNP hudumu miaka mitatu, nacho huhuishwa kwa mtihani mwingine au kwa alama 80 za mafunzo endelevu. Ukishindwa, subiri siku tano ndipo uweke tarehe mpya na kulipa ada yote upya. Siku hizo zitumie kwenye sehemu ambazo ripoti ya matokeo imeonyesha asilimia ndogo.