Faili la data likigoma kufunguka

Msimu wa kahawa uliopita, katibu wa chama cha msingi kutoka Rungwe aliniletea flashi hapa Mwanjelwa. Ndani kulikuwa na faili moja, wanachama.db. Kijana wa ofisini kwake alikuwa amelifungua kwa Word, akakuta takataka tupu, na kwa mazoea akabofya Save. Likafa palepale. Bahati nzuri, nakala ilikuwa imebaki kwenye kompyuta ya zamani.

1. Kwa hiyo nakili kwanza, ufanyie kazi nakala. Ukiona jirani yake faili lenye jina lilelile linaloishia na -wal, libebe pia, maana huenda taarifa za mwisho kuingizwa bado zimo humo. Wengi huliacha, kisha wanalalamika kwamba mauzo ya jana hayaonekani.

2. Usiamini mkia wa jina. Hiyo .db hutumiwa na programu nyingi zisizo na undugu wowote. Fungua nakala kwa Notepad, usome mwanzo wake tu. Ukikuta "SQLite format 3", ni SQLite, aina ya hifadhidata. "Standard Jet DB" ni Access (programu ya hifadhidata ya Microsoft) ya zamani, yaani .mdb, "Standard ACE DB" ni .accdb, iliyoanza na Access 2007. Funga bila kuhifadhi. Narudia, katibu: bila kuhifadhi.

3. SQLite ifungue kwa DB Browser for SQLite, programu ya bure. Chagua Open Database Read Only, kisha Browse Data, uteue jedwali. Za Access, njia rahisi ni Access yenyewe; kama huna, mwombe aliye nayo akutolee kila jedwali kwa CSV, yaani jedwali la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Faili la .dbf hufunguka moja kwa moja kwenye LibreOffice Calc, programu ya bure inayofanana na Excel. La .sql kwa kawaida ni maandishi ya amri tu, ndiyo maana Notepad inalisoma vizuri.

4. CSV ndiyo inayoumiza watu kimyakimya. Ukiibofya mara mbili, Excel hudhani namba ya simu ni hesabu, inafuta sifuri ya mbele. Ifungulie LibreOffice: kwenye dirisha la kuingiza data, bofya safu ya simu, weka Text, ndipo ubofye OK. Sifuri zikishapotea, kama namba ziko safu A, andika pembeni ="0"&A2, uburute hadi chini. Ndivyo tulivyorudisha za wale wakulima.