Ukiwa Japani, utapata wapi meza ya majongi?

Huu ni mwongozo wa Mswahili aliyeko Tokyo, Osaka au mji mwingine wa Japani, masomoni au kazini, ambaye amecheza riichi, yaani majongi ya Kijapani, mchezo wa vigae, kwenye simu na sasa anataka kushika vigae kwa mkono wake.

Hatua ya 1: Jipime

Cheza Mahjong Soul au Tenhou, programu za riichi, mpaka uzoee kutupa kigae bila kuwaza sana. Programu hukustua pale unapoweza kusema pon, chii au ron, maneno ya kudai kigae alichotupa mwenzako. Mezani hakuna wa kukustua. Kuhesabu pointi kusikutishe, ukumbi unaopokea wanaojifunza utakusaidia.

Hatua ya 2: Jua unaingia wapi

Ukumbi wa majongi huitwa janso. Ukienda peke yako, ukakalishwa na watu usiowajua na kulipia kila mchezo, hiyo ni furii. Mkienda wanne mkakodi meza kwa saa, hiyo ni setto.

Angalia hapa: meza nyingi za furii huchezewa pesa. Ukikuta 点5, maana yake kila pointi 1,000 ni yen 50. Ni kamari, na sheria inaikataza, ingawa mara nyingi hufumbiwa macho. Usitegemee kufumbiwa macho. Mwaka 2020 Kurokawa Hiromu, mmoja wa waendesha mashtaka wakubwa kabisa nchini humo, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba alicheza majongi ya pesa na waandishi wa habari. Sembuse wewe mwenye viza ya mwanafunzi! Tena, mwenye viza hiyo haruhusiwi kufanya kibarua kwenye janso, hata cha kufagia, na aliye chini ya miaka 18 haingii kabisa.

Hatua ya 3: Tafuta kwa Kijapani

Nakili 麻雀, yaani majongi, kwenye ramani ya simu pamoja na jina la stesheni ya karibu. Ongeza ノーレート, yaani bila pesa, au 初心者, wanaoanza. Ila ninalopendekeza kuliko yote ni 健康麻将, majongi ya afya: hakuna kamari, hakuna pombe, hakuna sigara. Utakuta wastaafu wamejaa mchana wa siku za kazi, na wana utani na ubishi kama wazee wa bao barazani. Wanacheza taratibu, na ukikosea watakufundisha hata kama hukuomba. Kama uko chuoni, ulizia pia chama cha wanafunzi wanaocheza.

Hatua ya 4: Piga simu kabla ya kwenda

Uliza mambo manne: wanapokea mgeni wa mara ya kwanza? Kijapani kidogo kinatosha? Ada ni kiasi gani? Meza ni ya watu wanne au watatu? Majongi ya watatu, sanma, ina kanuni zake, na ukiingia bila kujua utachanganyikiwa.

Hatua ya 5: Mezani

Anza na "yoroshiku onegaishimasu", salamu ya heshima kabla ya kucheza. Panga vigae unavyotupa mbele yako, sita kwa kila mstari. Meza nyingi ni za umeme: mchezo ukiisha, sukuma vigae kwenye tundu la katikati, mashine itachanganya na kupanga yenyewe. Usitie mkono humo.

Ukipata watatu mnaoelewana, ombaneni namba, mara ijayo mkodi setto. Hapo mwendo mnapanga wenyewe, na Kiswahili ruksa.