Jinsi ya kuchagua bunduki yenye mtutu wa risasi na mtutu wa marisau kwa uwindaji wa Ujerumani

Mwongozo huu ni kwa wenzetu wanaoishi Ujerumani, ambao wamekwisha kufaulu mtihani wa uwindaji na wanatafuta bunduki moja ya kubeba msituni. Nimeuandika baada ya kumsaidia ndugu mmoja kununua iliyotumika, kwa kuwa bunduki za zamani za Suhl, mji wa Ujerumani wa mafundi bunduki, bado ni nzuri na bei zake zinafikika.

Hatua ya kwanza: amua mnyama

Sheria ya Ujerumani hairuhusu kumpiga mnyama mwenye kwato kwa marisau, kwa hiyo anza na mtutu wa risasi. Kwa wale paa wadogo wa Ulaya, risasi lazima iwe na nishati ya jouli 1000 ikifika mita 100. Kwa nguruwe mwitu na kulungu, kipenyo kisipungue milimita 6.5 na nishati isipungue jouli 2000. Ndiyo maana risasi ndogo ya .22 Hornet haifai hata kwa paa, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Mimi hushauri mtutu wa risasi ya 7x65R, inayotosha kwa wote hao.

Hatua ya pili: idadi ya mitutu

Drilling ina mitutu mitatu, kwa kawaida miwili ya marisau ubavu kwa ubavu na wa risasi chini yake. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, lakini kwa anayeanza napendelea ile ya mitutu miwili iliyopandana, hasa ikiwa hukokwa kwa kidole gumba wakati wa kupiga tu, kwa sababu unatembea msituni huku mtambo ukiwa umelegea.

Hatua ya tatu: soma alama

Fungua bunduki utazame chini ya mitutu. Bunduki nyingi za zamani za geji 16 (kipimo cha upana wa mtutu wa marisau) zina chemba ya milimita 65, na ganda la milimita 70 likifunguka humo huziba njia na kupandisha shinikizo. Ukikuta alama ya kipimo cha risasi 8x57 isiyo na herufi S, usiweke risasi yoyote mpaka fundi bunduki aupime mtutu, kwa kuwa risasi ya S ni nene kuliko ile ya zamani.

Hatua ya nne: jaribu mtutu ukiwa baridi

Hapa ndipo watu wengi hupoteza siku nzima. Katika bunduki nyingi za aina hii mitutu imeunganishwa kwa lehemu kuanzia chemba hadi mdomoni. Ukipiga risasi, mtutu wa chini, yaani ule wa risasi, hupata joto na kurefuka, ule wa juu ulio baridi huushikilia, na wote hupinda kidogo kuelekea juu. Kwa hiyo risasi ya pili hupiga juu ya ya kwanza, na ya tatu juu zaidi. Mnunuzi hudhani darubini ni mbovu, huanza kuzungusha skrubu zake, na kila anavyozungusha ndivyo anavyozidi kupotea.

Piga risasi moja, fungua bunduki, uiache mpaka mitutu iwe baridi kwa kuishika kwa kiganja kuanzia nyuma hadi mbele, ndipo upige nyingine. Egemeza mbao ya kushikia iliyo chini ya mitutu juu ya mfuko wa mchanga, kamwe si mitutu yenyewe, na usipige marisau katikati ya zoezi, kwa kuwa joto la mtutu wa juu nalo huipinda mitutu. Risasi tatu za baridi zikikaa pamoja, bunduki ni nzima hata kama hupanda ikipata moto, kwa maana porini ni risasi ya kwanza inayoua. Zikitawanyika, kagua kwanza vishikizo vya darubini; vikiwa vizima, usiinunue. Mwenye uwezo atafute mitutu isiyolehemiwa, iliyoshikwa mdomoni kwa pete tu.

Hatua ya tano: marisau

Tangu Februari 2023 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku marisau ya madini ya risasi kwenye maeneo oevu na ndani ya mita 100 kuyazunguka. Usiweke ya chuma kwenye mtutu wa zamani uliobanwa mdomoni. Kwa bata mwitu nunua ya bismathi.

Hatua ya sita: usajili

Ukishainunua kwa leseni yako ya uwindaji, omba iandikwe kwenye kadi yako ya umiliki wa silaha ndani ya wiki mbili.