Namna ya kumbana mbunge kuhusu vifo vya bunduki Marekani

Simu inayosema "fanyeni kitu kuhusu bunduki" haimbani mbunge yeyote, kwa sababu haina jambo la kujibiwa. Chagueni ombi moja: muswada wenye namba yake (katika bunge la taifa, H.R. ukiwa Baraza la Wawakilishi, S. ukiwa Seneti), kisha mwulizeni kama anauunga mkono au la.

Kabla ya kwenda popote, shikeni takwimu. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 nchini Marekani, na 26,328 kati yao walijiua. Kampeni inayotaja mashambulizi ya shuleni peke yake huwasahau hawa, walio zaidi ya nusu. Tena huwanyima watu jambo wanaloweza kulifanya leo hii nyumbani: kutoa risasi kwenye silaha, kuifungia kwenye sefu, kuweka risasi mahali pengine palipofungwa, na kuhakikisha watoto hawajui ufunguo ulipo. Msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi. Silaha ikiwa mbali, mtu hupata nafasi ya kuuvuka. Kila karatasi mnayogawa iwe na 988, namba ya Marekani ambayo aliyezidiwa na mawazo ya kujiua huipigia kuomba msaada.

Anzeni na bunge la jimbo. Seneti ya taifa huhitaji kura 60 kati ya 100 ili kufunga mjadala, ndiyo maana sheria huko hutoka kwa nadra. Jimboni mambo yanaweza kwenda haraka. Baada ya mauaji ya shuleni Parkland, Florida, tarehe 14 Februari 2018, sheria ilitiwa saini tarehe 9 Machi. Ilipandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21 na kuruhusu mahakama kumnyang'anya silaha kwa muda mtu anayetishia kuua au kujiua.

Simu hupokelewa na msaidizi, mara nyingi kijana. Anachohitaji ni jina lako, msimbo wako wa posta, namba ya muswada na msimamo wako. Dakika moja inatosha. Usiyeishi katika eneo la mbunge huyo, usimpigie; simu yako haina uzito kwake. Barua za karatasi kwenda Washington huchelewa kwa sababu ya ukaguzi wa usalama, kwa hiyo kura ikikaribia tumieni simu.

Ziara ndiyo yenye nguvu kuliko yote. Ombeni miadi katika ofisi ya mbunge iliyo katika eneo analowakilisha, wakati bunge liko likizo. Nendeni watu wanne hadi sita wasiofanana: daktari, mwalimu, aliyefiwa, na mmiliki wa bunduki, hasa mwindaji. Huyu wa mwisho ni muhimu sana, maana mbunge anayeogopa kuitwa adui wa wenye silaha humsikiliza. Gawaneni zamu, kwa kuwa mnaweza kupewa robo saa tu. Acheni ukurasa mmoja, si kabrasha. Akijibu "nitalitazama", mwulizeni atawajibu lini, kisha mwandikieni siku ya pili mkikumbusha tarehe hiyo.

Kwenye kamati ya bunge inayosikiliza maoni ya wananchi kuhusu muswada, shahidi mara nyingi hupewa dakika mbili au tatu. Andika maneno yasiyozidi 300, uyasome kwa sauti na saa mkononi. Ombi litangulie, kwani wengi hukatwa kabla hawajalifikia.

Kosa linaloangusha ushahidi mwingi ni kuchanganya silaha. Rashasha hufyatua risasi mfululizo ukishikilia kifyatulio, na sheria ya taifa imezibana tangu 1934. Bunduki nusu-otomatiki hutoa risasi moja kila unapofyatua. Ukikosea hapo, mpinzani ataacha hoja yako na kushughulika na kosa lako.

Hadharani, msitumie picha ya marehemu bila idhini ya familia, wala msimpe muuaji umaarufu kwa kutaja jina lake. Na kama kikundi chenu kimesajiliwa kama shirika la hisani lililosamehewa kodi, mnaweza kushawishi kuhusu miswada kwa kiasi, lakini kumpigia debe mgombea kunaweza kuwanyang'anya msamaha huo.

Bunge la taifa hudumu miaka miwili. Likiisha, muswada usiopita hufa pamoja na namba yake, kwa hiyo kila Januari ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, tafuteni kama umewasilishwa upya, na kwa namba gani, kabla hamjachapisha karatasi nyingine.