Kabla hujaenda na kamera mpya kwenye shughuli

Chaji betri usiku. Hakikisha memori kadi ina nafasi. Lenzi ifute kwa kitambaa laini, si kwa ncha ya kanzu. Na kama ulilala na kamera kwenye chumba cha AC, usiitoe nje ghafla: hewa ya Mombasa ina unyevu, lenzi baridi itafunga ukungu papo hapo. Iache ndani ya begi lake, zipu imefungwa, hadi ipate joto.

Sasa lile gurudumu la juu ya kamera, la kuchagua aina ya picha. Alama ya kijani ni otomatiki: kamera inajiamulia yote, hata flashi. Kichwa cha mtu ni cha picha za sura, nyuma panafifia. Mlima ni wa mandhari. Kuta za Fort Jesus zinautaka huo. Mtu anayekimbia ni wa michezo: picha za haraka, mfululizo, na kwenye kamera nyingi flashi haiwaki kabisa.

Hilo la mwisho lishike. Kijana mmoja wa Kibokoni alikuwa ufukweni pa Mama Ngina jioni, gurudumu kwenye mtu anayekimbia, akiwapiga picha watoto wanaojirusha baharini. Zilitoka safi, matone yamesimama hewani. Kesho yake baada ya Isha akaitwa kwenye nikaha ya binamu yake, sebuleni, taa hafifu. Akaiwasha kamera, akaanza. Ukizima kamera gurudumu halirudi kijani, linabaki ulipoliacha. Flashi haikuwaka, akadhani betri imechoka. Kwenye skrini ndogo picha zilionekana zinafaa. Zilipofunguliwa kwenye kompyuta, mkono wa walii umeshika mkono wa bwana harusi, na yote ni ukungu na chengachenga. Mamake bibi harusi aliitaka picha hiyo moja tu. Ilimuuma sana mama huyo, na nikaha hairudiwi kwa ajili ya picha.

Kwa hiyo kila ukiiwasha, jicho kwanza kwenye gurudumu. Piga moja ya majaribio, ikuze kwenye skrini, tazama macho ya mtu kama yametulia.

Alama ya mtu na nyota ni ya usiku, lakini shata (kifuniko cha ndani kinachoingiza mwanga) hukaa wazi muda mrefu: egemeza kamera, na waambie watu wasitikisike hata flashi ikishawaka. Flashi hiyo ndogo haivuki mita chache, usiitegemee kwa waliokaa mwisho wa ukumbi. Safu ya kanzu nyeupe juani huipotosha kamera, nyuso zikatoka nyeusi. Hamia herufi P kwenye gurudumu, uongeze mwanga kidogo mwenyewe. Upande wa wanawake usiingie na kamera bila idhini ya wenye shughuli. Kamba ivae shingoni, na ukitoka ufukweni ifute chumvi siku hiyo hiyo.