Kumpokea mfanyakazi anayerudi kazini baada ya kuugua sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu)

Wiki moja kabla hajarudi, mpigie simu umuulize mambo mawili: angependa wenzake waambiwe nini, na kazi ipi inamtia hofu zaidi. Ugonjwa wake ni siri yake. Usiutaje kikaoni wala kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa nia njema.

Siku ya kwanza isiwe ya kupambana na barua pepe 300 zilizolundikana. Mtu mwingine azichambue mapema, zibaki zinazomhusu kweli. Aanze na nusu siku, saa ziongezwe kila wiki kadiri anavyomudu, na mpango huo uandikwe. Kosa kubwa hutokea hapa: saa zinapunguzwa, majukumu yanabaki yaleyale, naye anaishia kumalizia kazi nyumbani usiku. Ukipunguza saa punguza na kazi, utaje nani anaichukua.

Zungumzeni faraghani dakika 15 kila wiki. Uliza, “Kipi kimekulemea wiki hii?” maana “Uko sawa?” hujibiwa “Niko sawa” hata na aliyeelemewa. Baadhi ya dawa za sonona huleta usingizi asubuhi, kwa hiyo kuomba kuanza saa moja baadaye si uvivu. Akigusia kujiua, usimwache peke yake. Mtafutie daktari papo hapo.